Mnang'ang'ania Injini ya Methanoli ya Nini?

Jamani, wenzangu wa Kigali mnaounda vindege vya rimoti, hebu tuambizane ukweli. Kila nikiuliza kindege kitaendeshwa na nini, jibu ni lile lile: injini ya methanoli, tena kubwa, maana hiyo ndiyo injini ya kweli. Ya kweli kwa nani? Kwa anayerusha ndege Mombasa, labda. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa ili iunguze mafuta hupoteza takriban sehemu moja ya saba ya nguvu zake, hata uikaze kabureta namna gani. Mota ya umeme haivuti pumzi. Pangaboi lake ndilo litakalolegea, basi funga lililo refu kidogo.

Halafu mafuta yenyewe. Methanoli, nitromethani na mafuta ya nyonyo havichotwi kituo cha petroli. Mwaka jana tulichanga, tukanunua injini, ikakaa kabatini miezi minne ikingoja chupa moja!

Mlio wake mtamu, nakiri. Na betri za lithiamu zikitobolewa au zikichajiwa ovyo huwaka moto, hilo sifichi. Lakini ndege ya kujifunzia inataka wati 200 hivi kwa kila kilo. Ya kilo moja na nusu, wati 300. Yenu ina kilo ngapi? Nimewauliza mara tatu, hakuna aliyewahi kuipima.