Mkasi wa mama ulivyoniumbua

Leo nina kisa ambacho mama yangu hajanisamehe hadi hivi sasa.

Ilikuwa send-off ya binamu yangu. Nikajifanya mjuaji, nikasema hela ya mpambaji wekeni, kupamba niachieni mimi. Waridi likaja kwa basi toka Arusha, ndoo mbili. Natafuta mkasi, sina. Nikachomoa wa mama, ule wa kushonea, nikakata vikonyo mpaka usiku wa manane. Kesho yake jioni wageni wanaingia, maua yote yameinamisha vichwa kama yamefiwa! Aibu yake usiniulize. Na mkasi? Umeshika kutu, kitambaa haukikati tena, unakitafuna. Na cherehani ndiyo inayotulisha pale nyumbani.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ua likishakatwa linaendelea kunywa maji kwa vijimirija vilivyomo ndani ya kikonyo. Mkasi butu haukati, unaminya, na vijimirija vinabanana. Ndoo imejaa maji, ua linakufa kwa kiu.

Sasa ukienda dukani, ulizia mkasi wa kupogolea. Iko ya aina mbili. Mmoja makali yake yanapishana, mwingine kali moja linashukia kwenye bamba kama kisu juu ya kibao. Huo wa pili ni wa matawi makavu, kwa waridi utaminya tu. Chukua wa kupishana, wenye nati ya kukaza pale katikati. Usione haya, ujaribu hapo hapo: lowesha kipande cha gazeti (hata hili, ila umalize kwanza kusoma) ukate. Ukichana badala ya kukata, mrudishie mwenyewe.

Nyumbani, kata kikonyo mshazari, sentimita 2 hivi, kisha tumbukiza kwenye maji hapo hapo. Majani yatakayozama yatoe, yakioza yanachafua maji.

Kazi ikiisha, utomvu usiuache ukauke. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, kausha, dondoshea nati tone la mafuta ya cherehani. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isikae juu yake, inakula chuma. Na ukiulaza ndoani, umekwisha.

Kunoa ndiko kwenye kasheshe. Wale mafundi wanaopita na baiskeli ni wazuri, lakini msimamie. Anoe upande ulioinama tu. Ule bapa akiusaga, makali hayakutani tena, kikonyo kinateleza katikati. Na akikandamiza jiweni mpaka chuma kigeuke bluu, mwambie basi inatosha, hapo kimeungua, makali hayatadumu.

Mama nimemnunulia mkasi mwingine. Siku hizi anaulaza chini ya mto.