Injini Ngeni katika Gari Kongwe
Si jambo la ajabu katika miji yetu, tangu Tanga hata Lindi, kumkuta mwenye Toyota Hilux kongwe, ambayo injini yake ya 2L imepasuka silinda hedi, maradhi mashuhuri ya injini hiyo kila ipatwapo na joto la kupita kiasi, akiazimu kuing'oa uani kwake na kutia mahali pake 3L ya mtumba. Na azma hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa injini hizo mbili za dizeli ni za ukoo mmoja, ya kwanza ikiwa na ujazo wa cc 2,446 na ya pili 2,779, hata giaboksi ileile huweza kumpokea mgeni. Kufungua rejeta, nyaya na ekzosi hakuna haja ya kuelezwa. Taabu iko katika kuinyanyua injini, maana chuma kile chapita kilo 150, na wapo, Mola awahifadhi, wanaokitundika kwa mnyororo katika tawi la mwembe. Kisha huja saa ya kuipachika ile ngeni, ambapo sahani ya klachi isipokaa katikati barabara, watu watasukuma, watalaumiana na kusukuma tena, na shafti ya giaboksi isiingie abadan. Naona pia ni israfu kuurudisha mkanda wa taimingi wa zamani, madhali ukikatika vali na pistoni hugongana. Ama nambari ya injini iliyomo katika kadi ya gari, na ibadilishwe mapema, kabla askari wa barabarani hajaamuru boneti ifunuliwe.