Mgonjwa aelezwe picha ya kifua chake

Si ajabu katika hospitali zetu kumwona mgonjwa akitoka chumba cha eksirei akiwa amekumbatia bahasha asiyojua kilichomo. Aliambiwa avue shati, avute pumzi, aizuie, kisha aende zake. Sababu ya kupigwa picha hakuelezwa; naye, kwa kuchelea kuonekana mjinga, hakuuliza. Mtindo huu haufai.

Yafaa ifahamike kwamba picha si tiba. Tangu Wilhelm Röntgen alipoivumbua miale hiyo mwaka 1895, kazi yake katika picha ya kifua imekuwa kuonyesha hali ya mapafu, moyo na mbavu. Haiunguzi ugonjwa wowote. Wala hapana haja ya kuihofu kupita kiasi. Picha moja ya kifua humpa mtu miale inayokaribia ile anayoipata kutokana na mazingira yake kwa muda wa siku kumi hivi. Hata hivyo, mwanamke mjamzito, au anayeshuku kuwa ni mjamzito, amwarifu mhudumu mapema. Mikufu nayo huvuliwa kwa kuwa huacha kivuli kinachoweza kumpotosha daktari.

Lililo zito zaidi ni hili: kivuli pafuni si hukumu. Kifua kikuu, nimonia, saratani, hata kovu la maradhi yaliyokwisha kupona, huweza kufanana pichani. Ndiyo maana makohozi hupimwa ili kuthibitisha kifua kikuu. Mwanafunzi asitengwe bwenini kwa minong'ono eti picha yake ina doa.

Kwa upande mwingine, picha isidharauliwe. Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa nchini miaka ya 2015 na 2016 uliwagundua, kwa msaada wa eksirei, wagonjwa ambao hawakuwa na dalili zozote.

Watasema wengine kwamba foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Ni kweli. Lakini matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na asiyeelewa ugonjwa wake ni mwepesi wa kuacha dawa mara tu anapopata nafuu. Akifanya hivyo, hujidhuru na kuwaambukiza wenziwe. Dakika mbili za maelezo zaweza kuepusha madhara hayo.

Walimu, wafundisheni vijana kuuliza maswali mawili: kwa nini napigwa picha, na imeonyesha nini? Kuuliza si ujinga.