Garanti Ndiyo Inayotuchagulia Kambi

Watu wa misaada wana usemi wanaoupenda: mkimbizi wa mjini amechagua kujitegemea. Tunausikia kwenye mikutano, tunaukuta kwenye karatasi tunazotia sahihi. Anayebaki Bujumbura, eti amekubali mwenyewe kwamba hatapewa chakula wala nyumba kama ndugu zake wa Kavumu, Bwagiriza, Nyankanda, Kinama, Musasa au Musenyi. Na anayepanda gari kwenda kambini, naye eti amechagua. Mimi nakataa. Wengi wetu hatukuchagua kitu. Garanti ndiyo iliyotuchagulia.

Nieleze kwa ambao hawajapanga nyumba mji huu. Mutanga Nord, komini Ntahangwa, ni kartie ya watu wenye uwezo. Ukipita barabarani unaona ukuta, geti na maua juu ya ukuta. Ukimuona mkimbizi hapo utadhani amekuja kufua nguo za watu. Lakini nyuma ya nyumba kubwa, parseli nyingi zina aneksi: vyumba viwili vitatu vilivyojengwa zamani kwa ajili ya boyi na mlinzi, choo kimoja, bomba moja. Siku hizi vyumba hivyo vinapangishwa. Wanaokaa humo ni wanafunzi wa Kampasi ya Mutanga, Warundi waliotoka mikoani kutafuta maisha, na sisi Wakongomani wa Uvira, Fizi na Bukavu. Nafanya kazi na vijana wa kartie hii, kwa hiyo aneksi hizo nazijua vizuri.

Sasa tupige hesabu. Tuseme chumba ni faranga 100,000 kwa mwezi. Nimechukua namba nyepesi ili hesabu ieleweke. Mwenye nyumba anataka pango la miezi mitatu mbele. Juu yake anataka garanti, mwezi mmoja au miwili. Komisioneri aliyekupeleka kuona chumba naye anataka chake, nusu mwezi au mwezi mzima. Kabla hujaingiza hata godoro unatakiwa uwe na 450,000 mpaka 600,000, mkononi, siku moja. Mama anayeuza vitenge au kusuka nywele anaweza kupata 100,000 kila mwezi kwa kujibana. Kupata 600,000 siku moja hawezi, na hata mwalimu wa Kirundi wa shule ya msingi hawezi bila mkopo. Basi mama huyo anaandikwa kwamba ameshindwa kujitegemea, anaelekezwa kambini. Lakini mama huyu pango aliliweza. Kilichomshinda ni kiingilio.

Na hapo bado hujaulizwa kadi. Bujumbura kila nyumba ina kaye ya menaji, daftari lenye majina ya wote wanaolala humo, na polisi wakija kufanya msako asubuhi wanaliomba hilo. Kwa hiyo mwenye nyumba anakuuliza: "Muko wangapi? Munatoka wapi? Kadi iko wapi?" Ukiwa na karatasi ya muda tu, anakunja uso. Wengine wanakataa kabisa. Wengine wanakubali kwa bei ya juu, na hawakuandikii chochote, maana mkataba ukiandikwa unaweza kuwaletea mtu wa ushuru. Bila karatasi, siku ya kuhama ile garanti yako inageuka hadithi. Utaambiwa umeharibu kitasa, umechafua ukuta, rudi wiki ijayo. Unaondoka mikono mitupu kwenda kutafuta garanti nyingine.

Anayekosa yote hayo anasogea bondeni. Mto Ntahangwa unakula kingo zake kila msimu wa mvua, na nyumba za kando yake zimeshaanguka, watu wanaziona. Chumba kilicho karibu na korongo ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wanalala hapo, mvua ya Aprili ikipiga mzazi anakaa macho.

Msaada wa pango upo, sikatai, kwa wale wanaohesabiwa kuwa dhaifu kuliko wote. Lakini unakuja kwa mlango wa nyuma. Lazima kwanza uwe na deni, mwenye nyumba akutishie, ndipo faili lako lifunguliwe. Kijana mmoja ninayemfuatilia alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Familia yao ilidaiwa miezi miwili. Mama aliandika ombi, akaambiwa asubiri ziara ya kumtembelea nyumbani. Ziara ilipofika, nyumbani hapakuwepo tena: mama na wadogo walikuwa wameshakwenda kambini, kijana amebaki analala sebuleni kwa rafiki ili amalize mtihani. Shirika lilifunga faili kwa sababu mhusika hakupatikana kwenye anwani yake. Nani alimtoa kwenye anwani hiyo?

Ninaposema pango lilipwe, jibu ninalopata ni moja: "Na miezi ikiisha, itakuwaje?" Swali zuri. Basi liulizwe na kwa hema. Hema la familia la HCR limetengenezwa lidumu mwaka mmoja hivi. Baada ya hapo linachanika, linabadilishwa, au watu wanashona viraka. Sijawahi kusikia mtu anazuia hema kwa sababu mwaka utaisha. Februari 2025, vita ilipofika Bukavu, makumi ya maelfu walivuka Rusizi na Gatumba kwa wiki chache, Musenyi ikajaa. Pesa zilitafutwa za mahema, matanki na vyoo, na ilikuwa haki zitafutwe. Mimi nauliza kwa nini hakuna sanduku hata dogo la kusema: familia hii iko na shangazi mjini, iko na kazi ya mikono, inahitaji kuingia kwenye chumba tu.

Kwingine limefanyika. Haiti, baada ya tetemeko la 2010, familia zilizokuwa kwenye mahema ya Port-au-Prince zilipewa dola 500 za pango la mwaka mmoja, zikatafuta nyumba zenyewe. Jordan, tangu 2013, Baraza la Wakimbizi la Norway liliwasaidia wenye nyumba za Irbid kumalizia nyumba zilizokwama katikati ya ujenzi. Wao wakawakaribisha Wasiria bila kulipisha pango kwa mwaka mmoja au zaidi. Mwenye nyumba alibaki na nyumba iliyokamilika, mkimbizi alipata pa kulala.

Mutanga Nord hatuhitaji hata kiasi hicho. Nasema mambo matatu.

La kwanza, lipeni garanti na miezi ya mwanzo, msingoje deni. Mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja, kwa karatasi ya ukurasa mmoja, ikisainiwa mbele ya shefu wa kartie, na majina yote yaingie kwenye kaye siku hiyo hiyo.

La pili, kumbukeni garanti si pesa iliyoliwa. Ni amana. Karatasi ikisema garanti ni ya mfuko, mpangaji akihama inarudi mfukoni na kumwingiza mwingine. Hema halirudi. Najua 2025 bajeti zimekatwa vibaya. Ndiyo sababu nazungumzia pesa inayozunguka.

La tatu, tengenezeni aneksi. Choo, paa, mlango unaofungika. Mwenye nyumba apate matengenezo, na yeye asipandishe bei miezi kumi na miwili.

Najua mtasema pango la mji wote litapanda na Warundi watatuchukia. Hofu hiyo ni ya kweli. Maisha yamekuwa magumu kwa kila mtu hapa, hasa tangu faranga ishushwe thamani Mei 2023. Basi mfuko usiwe wa wakimbizi peke yetu. Mrundi anayelala chumba cha jirani kwenye aneksi hiyo hiyo naye apate kuomba. Choo kikitengenezwa ni chetu wote.

Mtasema pia kuna wadanganyifu. Wapo. Wapo na kwenye foleni ya sabuni, na sabuni haikufutwa.

Na ninyi ndugu wa kambini, najua mnavyosema: watu wa mji wanataka na uhuru, na pesa. Lakini kijana wenu akimaliza shule akapata nafasi ya chuo Bujumbura, mlango atakaoukuta ni huu huu. Mgonjwa wenu akitumwa hospitali ya mjini akahitaji kukaa miezi mitatu, ni huu huu. Tusigombanie hema na chumba kana kwamba kimoja kinaiba kingine. Mkataba wa 1951, kifungu cha 21, unataka mkimbizi mwenye kibali cha kukaa katika nchi asitendewe vibaya kuliko wageni wengine kwenye mambo ya makazi. Haukusema makazi ya turubai.

Kwa wafanyakazi wa misaada nina ombi dogo la kuanzia, halihitaji bajeti. Kwenye fomu yenu mnauliza: kambi au mji? Ongezeni swali moja chini yake: ungekuwa na garanti, ungekaa wapi? Andikeni majibu, yahesabuni, kisha mtuletee mkutanoni. Baada ya hapo tutazungumza nani amechagua nini.