Jikoni: Ganda la tikiti ni mboga

Siku zile za mwisho kabla ya mgao, mboga imekwisha, na umenunua tikiti maji watoto wapoze kiu. Basi lile ganda usilitupie mbuzi!

Osha tikiti likiwa zima, ulisugue, maana kisu huingiza uchafu wa nje hadi ndani. Toa ile nyekundu kwa kisu (watoto wasigugune ganda). Menya ngozi ya kijani, ibaki nyeupe, katakata. Kaanga kitunguu na nyanya, tia vipande na chumvi, funika. Maji usiongeze, lenyewe linayo tele. Dakika 15 hivi limelainika, kuni chache tu. Ukiwa na karanga za kutwanga, tia mwishoni. Hapo hata mzee wa nyumba ataomba ugali mwingine.

Nisiwadanganye, halishibishi kama maharage. Nguvu iko kwenye mbegu: zina protini na mafuta. Zioshe, zianike, zikaange kavu, zitwange, chekecha maganda, unga wake tia kwenye sombe. Mbegu nzima usimpe mtoto mdogo, zinakaba.

Tikiti likishakatwa liishe siku hiyo hiyo. Kwa joto letu hili, halingoji kesho.