Mangi wa Meza, Rusha Dadu Tulione

Naandika makala hii nikiwa mkosaji. Muhula uliopita nilidanganya mezani, na niliyemdanganya ni rafiki yangu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanaizunguka meza. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu linaamua. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi hosteli tumeuhamishia huku kwetu mlimani. Msimulizi tunamwita Mangi kwa sababu mbili: ndiye mtawala wa ile nchi ya kufikirika, halafu ndiye mwenye daftari, kama mangi wa dukani anayejua nani anadaiwa nini.

Muhula uliopita Mangi nilikuwa mimi. Hadithi yetu ilihusu mahandaki ya Marangu, yale ambayo Wachagga walichimba ili wajifiche pamoja na mifugo yao wakati wa vita. Wavamizi wamefika. Mhusika wa rafiki yangu, msichana mchunga mbuzi, akasema anabaki mlangoni peke yake mpaka watoto wote waingie. Nikamuuliza, "Una uhakika?" Akajibu, "Nabaki." Nikarusha dadu lenye pande 20 nyuma ya faili la noti nililolisimamisha kama ukuta. Likatoka 20. Kwa sheria zetu, mkuki ule ulikuwa umemmaliza. Nikamtazama usoni, nikasema, "Mkuki umekukosa."

Meza nzima ilishangilia. Wiki tatu baadaye tuko kwa mama ntilie, bado anaisimulia ile vita. Nami kwa kujidai nikamwambia, "Aisee, siku ile mimi ndiye niliyekuokoa." Hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi sikufanya kitu?" Jumamosi mbili mfululizo hakuja kucheza.

Najua utetezi wangu ungekuwaje, kwa sababu hata vitabu vya mchezo vinautoa. Mwongozo wa msimulizi wa Dungeons & Dragons wa mwaka 2014 unasema wazi kuwa ukirusha dadu nyuma ya kizuizi unaweza kubadili matokeo ukitaka; unashauri tu usizidishe, na wachezaji wasijue. Hilo neno la mwisho ndilo ninalolipinga. Kama jambo ni jema kwa wachezaji, kwa nini wasilijue?

Wenzangu wanasema msimulizi lazima afiche mambo, la sivyo hakuna mchezo. Ni kweli. Nani msaliti, handaki linatokea wapi, hizo ni siri halali, na kila aliyekaa mezani ameshakubali kwamba zipo. Lakini hakuna aliyekubali kwamba dadu likitoka 20 litatangazwa kuwa 4. Siri ya kwanza ni sehemu ya hadithi. Ya pili inachezea makubaliano yenyewe, na makubaliano ndiyo kitu pekee tulichonacho. Hatuna refa wala zawadi.

Fikiria waongozaji wa mlimani. Baadhi yetu tumebeba mizigo wakati wa likizo, tunawajua. Mwongozaji anaijua njia kuliko mgeni wake, na mgeni anamwamini kwa uhai wake. Jioni kambini anampima oksijeni kidoleni. Namba ikiwa mbaya, mwongozaji mzuri anamwonyesha na kumwambia kesho hatuendelei, hata kama mgeni atalia kwa sababu kilele cha mita 5,895 alikiota miaka kumi. Hampeleki kwenye kilima kingine na kumwambia, "Hongera, hii ndiyo Uhuru." Mgeni angefurahi siku hiyo, lakini akigundua, picha zote alizopiga zinakuwa takataka. Mimi nilimfanyia rafiki yangu hivyo hivyo. Yeye alichagua hatari akijua ni hatari. Mimi nikaiondoa hatari bila kumwambia, na ushujaa wake ukaondoka nayo.

Huruma si kosa, ila iwekwe mezani. Kabla ya kuanza, Mangi aulize: wahusika wanaweza kufa au hapana? Mambo gani hatutaki yaguswe kabisa? Kuna mwenzetu aliyefiwa hivi karibuni, hataki msiba kwenye hadithi, basi usiwepo. Kundi likitaka hadithi isiyo na kifo, poa, tucheze hivyo wote tukijua. Na dadu linaloamua uhai lirushwe mahali pa wazi.

Wachezaji nao wasijitoe. Kuna washkaji wanarusha dadu, wanalifunika kwa kiganja, wanatangaza 18 kabla ya mtu kuona. Mangi naye ni binadamu. Akihisi anaibiwa ataanza kuiba. Imani ya mezani ni ya pande zote mbili.

Nilimfuata rafiki yangu na jani la isale, ambalo Mchagga akikuletea anaomba yaishe. Alilipokea huku akicheka, lakini akatoa sharti moja: faili liondoke mezani.

Likaondoka. Jumamosi iliyofuata mchunga mbuzi wake alikufa kweli. Dadu lilitoka 19 mbele ya macho yetu wote. Roho iliniuma, sikusema kitu. Akalitazama, akaguna, akavuta karatasi mpya na kuanza kuandika mhusika mwingine.

Muhula huu tunatafuta Mangi mpya. Anayetaka aje tu, ila faili aliache chumbani.