Soka la Geita na Shinyanga lijifunze kwa watu wa joging

Stand United ilishuka daraja 2019, Mwadui ikafuata 2021, Geita Gold 2024. Hii ya mwisho inauma zaidi: miaka miwili tu nyuma, George Mpole alikuwa ametoka humo na kiatu cha ufungaji bora, mabao 17.

Klabu za joging hazina mgodi nyuma yao, lakini hazifi. Wanachama hununua jezi wenyewe, hukimbia alfajiri wakiimba, kisha hufanya usafi au huchangia damu. Mwenzao akifiwa, wote wapo msibani.

Stand United nayo ilianza hivyo, timu ya watu wa stendi, Chama la Wana. Udhamini wa Acacia ulipokuja 2015, haukupita muda ukazuka mgogoro wa uongozi, na hela ikaondoka.

Mdhamini akija, karibu. Ila daftari la wanachama lifunguliwe, ada ndogo ilipwe kila mwezi na hesabu zisomwe hadharani. Mtu wa joging anajua mchango wake umekwenda wapi. Shabiki wa Kambarage na Nyankumbu naye ana haki ya kujua.